Kikundi Mbele ya Jopo: Namna ya Kujieleza Katika Usaili wa Pamoja

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyojiandaa kwa usaili wa mikopo ya Halmashauri. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wa kata zote.)



Mtu anayeomba kazi peke yake huingia katika chumba cha usaili akiwa na nafsi moja tu ya kuitetea. Kikundi huingia na nafsi tano, kumi au zaidi, na ugumu wa usaili wa pamoja huanzia hapo. Maneno mazuri ya mmoja huweza kubatilishwa na ukimya wa wanne, na jibu sahihi la mweka hazina huweza kuharibiwa na mwenyekiti aliyekwisha kutaja kiasi kingine dakika tano kabla yake.

Jambo hili si geni katika jamii zetu. Familia inayoposa haimtumi mtu kwa sababu tu ana ulimi mtamu. Humteua mshenga anayezifahamu nyumba zote mbili, humwongezea mjomba au shangazi anayeweza kujibu habari za ukoo, na kabla ya kuondoka wote hukaa na kupatana: nani ataanza, nani atajibu litakapoulizwa suala la mahari, na nani hatasema neno isipokuwa aulizwe. Ujumbe usiokaa kikao cha namna hiyo hujulikana mara moja. Mmoja akisema kijana ana kazi, na mwingine akasema kijana anatafuta kazi, kahawa hupoa mezani na wenye nyumba huanza kutazamana.

Usaili wa mikopo ya Halmashauri unafanana na posa kuliko unavyofanana na mtihani wa shule. Wanaohoji wanataka kujua kama watu walioketi mbele yao ni kikundi kweli, au ni majina yaliyokusanywa jana ili karatasi itimie.

Swali hilo lina sababu. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ya ndani ni ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, ada za leseni na vyanzo vingine vinavyolipwa na wakazi wenyewe. Mama anayelipia meza yake sokoni kila asubuhi ndiye anayemkopesha kijana wa kata ya pili. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuibua mikopo mingi isiyorejeshwa, ikiwemo iliyokwenda kwa vikundi ambavyo havikuwepo. Mikopo ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi cha kusimama, vikundi vilivyokuwa vikirejesha fedha kwa uaminifu navyo vilisubiri, kwa kosa ambalo havikulitenda.

Kwa hiyo jopo la leo linapouliza maswali makali, halina chuki na mtu. Linatimiza wajibu ambao usipotimizwa, mlango hufungwa kwa wote. Kikundi cha kweli kina faida kubwa katika mazingira hayo, kwa sharti moja: kikubali kuonekana jinsi kilivyo. Vikundi vingi vizuri hushindwa hapa. Hufanya kazi pamoja mwaka mzima, kisha siku ya usaili humwachia mtu mmoja aseme yote, na kwa kufanya hivyo hujifananisha na vile vikundi vya karatasi ambavyo jopo linajaribu kuvikwepa.

Chukulieni mfano wa kikundi cha watu watano kinachoomba mkopo wa kufuga kuku 200 wa mayai. Andiko lao limechapwa vizuri, lina jalada la rangi, na wajumbe wa jopo wamekwisha kulisoma. Mwenyekiti anasimama na kuanza kulisoma upya, ukurasa kwa ukurasa. Dakika kumi zinapita. Wanne waliobaki wametazama sakafu. Mjumbe mmoja wa jopo anamwuliza mama aliyeketi pembeni: “Wewe katika kikundi hiki unafanya nini?” Mama anamtazama mwenyekiti kabla ya kujibu.

Kile kitendo cha kumtazama mwenyekiti kimeleta hasara kuliko kosa lolote la hesabu. Huenda mama huyo ndiye aliyewahi kufuga kuku miaka sita, ndiye anayejua harufu ya banda lililolowa na sauti ya kuku aliyeanza kuugua. Lakini jopo halina njia ya kulijua hilo. Linaona mtu anayeomba ruhusa ya kusema habari za kazi yake mwenyewe.

Kanuni ya kwanza, basi, na pengine ndiyo iliyo muhimu kuliko nyingine zote: jambo lisemwe na yule anayelifanya. Mwenyekiti ataje kikundi kilianza lini, kina wanachama wangapi na kinaomba kiasi gani, kisha aketi. Habari za kuku zisemwe na mfugaji. Habari za fedha zisemwe na mweka hazina akiwa na daftari lake mkononi, hata kama sauti yake ni ndogo. Anayepeleka mayai dukani ndiye aseme wateja ni akina nani na wanalipa baada ya siku ngapi. Jopo halitafuti msemaji mahiri katika kila kiti. Sauti inayotetemeka lakini inayojua inachosema huaminiwa kuliko ufasaha wa kukariri.

Wapo watakaosema kwamba kuna wanachama wasioweza kusema mbele za watu, na kwamba ni huruma kuwaacha wakae kimya. Huruma hiyo itazamwe kwa makini. Mara nyingi wanaoachwa kimya ni wanawake katika vikundi vyenye wanaume, ni vijana katika vikundi vyenye wazee, au ni mtu mwenye ulemavu ambaye jina lake ndilo lililokifanya kikundi kistahili fungu la asilimia 2. Watu hao hao siku ya marejesho hudaiwa sawa na wengine. Mtu atakayebeba deni ana haki ya kulisemea.

Mfano wa kuku una somo jingine, nalo linahusu namba. Kuku mmoja wa mayai aliyekomaa hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 200 watakula kilo 24, maana yake mfuko wa kilo 50 unakwisha katika siku mbili na kidogo, na mwezi mzima unahitaji mifuko 14 au 15. Wakitaga kwa asilimia 80, hupatikana mayai 160 kwa siku, ambayo ni trei 5 na mayai 10. Hizi ni hesabu ambazo mfugaji hufanya kichwani akiwa amesimama bandani. Lakini vikundi vingi huja na jumla kuu peke yake, kwa mamilioni, iliyoandikwa na mtu wa duka la kuchapa nyaraka, na hakuna mwanachama anayeweza kuishusha jumla hiyo mpaka ifike kwenye mfuko mmoja na trei moja.

Jopo lenye ujuzi huuliza swali jingine, gumu zaidi. Kifaranga cha siku moja hakitagi kesho. Huchukua takriban wiki 18 hadi 20, yaani kati ya miezi minne na mitano, kabla ya yai la kwanza. Katika muda huo wote anakula, anachanjwa dhidi ya kideri na gumboro, anahitaji joto, maranda na maji safi, na haleti hata shilingi. “Kikundi kitaishi kwa nini katika miezi hiyo mitano?” Swali hilo halina mtego. Kikundi kilichokaa na kulitafakari kitajibu kwa sentensi mbili: sehemu ya mkopo imetengwa kwa chakula mpaka kuku waanze kutaga, na wanachama wawili wana bustani za mboga zinazoendelea kuuzwa. Kikundi ambacho hakikulitafakari kitaanza kueleza jinsi ufugaji wa kuku unavyoinua uchumi wa taifa.

Hapa inafaa kuonya juu ya maneno makubwa. “Kujikwamua kiuchumi”, “kuunga mkono juhudi”, “kuleta maendeleo endelevu”: wajumbe wa jopo huyasikia kutoka kwa kila kikundi, tangu asubuhi hadi jioni, na saa nane mchana hakuna hata moja linalobaki masikioni. Trei tano na mayai kumi hukumbukwa. Vivyo hivyo kwa maneno ya Kiingereza yanayochomekwa ili kuonesha elimu. Jopo linasikiliza Kiswahili, linaamua kwa Kiswahili na kuandika muhtasari kwa Kiswahili. Mtu aliyezoea kusema “tunanunua, tunauza, tunaweka akiba” asijilazimishe kusema vinginevyo siku hiyo.

Usaili wa pamoja haufanyiki katika kumbi za kata peke yake. Wasanifu majengo na wahandisi huitwa na wateja wao kujieleza kwa timu kabla ya kupewa kazi kubwa, na hata miji hushindana kwa njia hiyo. Mfano unaojulikana dunia nzima ni ule wa tarehe 6 Julai 2005 nchini Singapore, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walipochagua mji wa kuandaa michezo ya mwaka 2012. Mbele yao walikuja Paris, London, Madrid, Moscow na New York. Wengi walitarajia Paris ishinde. Kila mji ulikuwa umekwisha kuwasilisha vitabu vya mipango, michoro ya viwanja na makadirio ya gharama. Kilichobaki kilikuwa kujieleza ana kwa ana.

Paris iliwaonesha wajumbe filamu ya kuvutia kuhusu mji wao, iliyotengenezwa na mwongozaji maarufu Luc Besson. London ilikuja na jambo la namna nyingine. Katika ujumbe wake walikuwemo vijana 30 kutoka mashariki ya London, mahali ambapo viwanja vingejengwa. Kiongozi wa ujumbe, Sebastian Coe, mwanariadha aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 mwaka 1980 na mwaka 1984, hakutumia muda wake kuusifu mji. Alieleza alivyokuwa mtoto wa miaka 12 akitazama Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 katika televisheni ya shule, na jinsi siku hiyo ilivyomwonesha njia ya maisha yake. Kisha akaeleza kuwa London inataka kuwapa watoto wa dunia nafasi kama ile. Vijana 30 walikuwa pale pale, wakionekana. Kura zilipohesabiwa katika duru ya nne, London ilipata 54 na Paris 50.

Hakuna anayeweza kudai kwamba hotuba moja ndiyo iliyoleta zile kura nne za tofauti. Uchaguzi wa namna hiyo una mambo mengi nyuma yake. Lakini kwa kikundi cha kata lipo la kujifunza. London ilijiuliza mradi huu ni wa nani, kisha ikawaleta wenyewe waonekane. Na aliyeongoza alisema jambo alilolipitia, asilolazimika kulisoma kwenye karatasi. Kikundi cha mama lishe, cha mafundi wa matofali au cha wafuga nyuki kinaweza kufanya hayo bila filamu wala projekta. Chupa moja ya asali yenye lebo, tofali moja lililokauka vizuri, daftari la mahudhurio lililochakaa kwa kutumiwa: vitu hivyo vikiwekwa mezani husema maneno mengi. Daftari jipya linalong'aa, lenye kurasa za mwaka mzima zilizojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, nalo husema.

Katika mafunzo mengi ya uwasilishaji hutajwa kanuni ya asilimia 7, 38 na 55: kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na mwili asilimia 55. Kanuni hiyo imewapotosha watu wengi na inafaa iwekwe mahali pake. Imetokana na tafiti mbili za mwaka 1967 za mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Marekani, ambapo wasikilizaji walisikia neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, au waliona picha za nyuso, wakatakiwa kukisia kama msemaji ana hisia njema au mbaya. Tafiti zilihusu hisia, tena pale neno na uso vinapopingana. Hazikuhusu mtu anayeeleza mfuko wa chakula cha kuku unakaa siku ngapi. Lau maneno yangekuwa asilimia 7 peke yake, jopo lingeweza kumsikiliza mgeni anayesema lugha lisiyoijua na bado likaelewa karibu kila kitu.

Hii haina maana kwamba mwili hausemi. Katika kikundi, mwili husema zaidi pale mwenzako anapozungumza kuliko unapozungumza mwenyewe. Mweka hazina anapotoa hesabu, wengine wanatazama wapi? Mmoja akichezea simu, mwingine akinong'ona na jirani yake, jopo huandika. Wanachama wakimtazama msemaji na kuitikia pale anaposema jambo wanalolijua, jopo huandika hilo pia. Hakuna anayeweza kuigiza kwa dakika 20 usikivu asiokuwa nao. Kikundi kinachokutana kila wiki huonekana kwa namna wanachama wake wanavyoketi.

Mavazi yasichukue nafasi kubwa katika maandalizi. Nguo safi inatosha. Vikundi vingine hushona sare kwa mkopo wa dukani ili vipendeze kwenye usaili, na hivyo huingia chumbani tayari vikiwa na deni.

Maandalizi yenyewe hayahitaji gharama. Yanahitaji jioni tatu. Jioni ya kwanza wanachama wasome andiko lao kwa sauti, wote wakisikiliza, na kila asiyeelewa neno aulize. Ni ajabu ni mara ngapi hugundulika hapo kwamba andiko linataja banda la futi 20 ilhali kiwanja kilichopo hakitoshi, au kwamba jina la mwanachama aliyehama bado lipo katika orodha. Afadhali ligunduliwe chini ya mwembe kuliko mbele ya jopo. Jioni ya pili kila mmoja aeleze kazi yake kwa dakika mbili, na mtu ashike saa. Dakika mbili ni ndefu kwa anayezungumza habari asizozijua, na ni fupi mno kwa anayezijua. Kila mmoja atatambua yuko upande gani. Jioni ya tatu waalikwe watu wa nje: mwalimu wa shule ya jirani, mfanyabiashara mzoefu, bibi mmoja asiyependa upuuzi. Hao waulize chochote, na wasiwe na huruma. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akiombwa mapema anaweza kuhudhuria na kueleza nyaraka zipi zinahitajika. Kazi hiyo ni sehemu ya wajibu wake na haina malipo.

Baada ya mazoezi hayo yote, siku yenyewe mtu atakosea. Katibu atasema kikundi kilianza Machi, kumbe kilianza Mei. Kinachotokea katika sekunde chache zinazofuata ni kipimo kikubwa cha kikundi. Kuna wanaomkatiza kwa ukali: “Hapana, siyo hivyo!” Kuna wanaonyamaza, wakitumaini jopo halikusikia, wakati katiba ya kikundi yenye tarehe iko mezani. Njia ya heshima ni kumwacha amalize, kisha mwenzake aseme kwa utulivu: “Kwa ruhusa, naomba kurekebisha tarehe aliyotaja katibu. Tulianza Mei, cheti kipo hapa.” Katibu aitikie, na mazungumzo yaendelee. Jopo limeona watu wanaorekebishana bila kugombana, na watu hao ndio watakaoweza kukaa chini siku kuku 30 watakapokufa kwa wiki moja.

Na pale jibu lisipojulikana kabisa? Lisitungwe. “Hilo hatukulifikiria, tutalifuatilia kwa ofisa mifugo na kuleta jibu” ni jibu kamili. Kinachofaa ni kwamba lisemwe mara moja au mbili tu. Likirudiwa kwa kila swali, tatizo liko katika mradi wenyewe, na hakuna ustadi wa kuzungumza utakaouokoa. Wala haufai kuuokoa. Kikundi ambacho hakijawa tayari kikipata fedha kwa ulimi mtamu, kimepata deni.

Kuhusu wanachama viziwi, mkalimani wa lugha ya alama aombwe mapema kwa maandishi kupitia ofisi ya kata, asitafutwe asubuhi ya usaili. Anapokuwepo, wasaili na wanakikundi wamtazame mwanachama mwenyewe wanapozungumza naye, wala siyo mkalimani. Kwa mwanachama asiyeona, kila anayezungumza aanze kwa kutaja jina lake. Na ukumbi wenye ngazi tatu mlangoni usiokuwa na njia ya kiti cha magurudumu umekwisha kumwambia mtu jambo kabla hajahojiwa. Wenye mamlaka ya kupanga kumbi wanaombwa walizingatie hilo.

Yanayosemwa hapa juu ya mikopo yanafaa pia katika zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, na maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kikundi kinachofanya usafi wa soko au kushona sare za shule kikipata nafasi ya kujieleza mbele ya mnunuzi, kijiandae kwa njia ile ile, kwa tofauti moja: mkopeshaji huuliza fedha itarudije, mnunuzi huuliza kazi itakamilika lini na nani atasimama pale ikichelewa.

Mwishoni mwa usaili mwingi jopo husema: “Je, ninyi mna swali?” Vikundi vingi hujibu kwa haraka kuwa havina, vikashukuru na kutoka. Nafasi hiyo isipotee. Yapo mambo ambayo kikundi kina haki ya kuyajua kabla ya kutia saini: majibu yatatolewa lini na yatabandikwa wapi, fedha ikipitishwa itaingia katika akaunti baada ya muda gani, na mkopo ukicheleweshwa hadi msimu upite, kikundi kinaruhusiwa kufanya nini. Kwa wafuga kuku wetu lipo moja linalozidi yote hayo, na lingefaa kuulizwa na yule mama wa pembeni ambaye hakupewa nafasi ya kusema: “Rejesho la kwanza linaanza mwezi wa ngapi? Maana kuku wetu watataga mwezi wa tano.”